Nani alipe matibabu? Mwongozo wa mfuko mmoja wa afya kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare

Mama akijifungua kwa upasuaji katika hospitali kuu ya rufaa, bili haimwangukii yeye peke yake. Mume anachangia, shemeji anachangia, mjomba aliyeko Kindu anatuma pesa kwa simu, na zisipotosha, mbuzi anatolewa zizini. Mbuzi anayeuzwa saa mbili za usiku kwa jirani anayejua shida yako hauzwi kwa bei ya soko. Anayefunga mkataba huo gizani hupoteza mara mbili: analipa matibabu, tena anapoteza mali ambayo ingemlipia mtoto masomo mwaka ujao. Pesa zikikosekana kabisa, mama hubaki wodini na mtoto wake, wote wawili wakiwa wazima, wakingoja ukoo umalize deni. Jambo hilo linajulikana Kongo nzima, na Maniema ya kusini inalijua.

Katika nchi yetu, karibu asilimia 40 ya pesa zote zinazotumika kwa afya hutoka moja kwa moja mfukoni mwa familia, siku ile ile ya ugonjwa. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa Serikali, au wanapata sehemu ndogo tu, kwa hiyo kituo kinaishi kwa kile anacholeta mgonjwa. Mgonjwa ndiye mshahara wa muuguzi, ndiye sabuni, ndiye mafuta ya taa. Watu wanapolalamika kwamba kituo kinapenda pesa, wakumbuke kwamba anayekaa upande wa pili wa meza naye ana watoto wanaosubiri kula.

Makala hii inaeleza njia nyingine ya kulipa, ambayo nchi na majimbo kadhaa duniani yameichagua: mlipaji mmoja. Inaeleza pia sheria ya Kongo imeahidi nini, mkaaji wa Kasongo au Kabambare anaweza kudai nini leo, na jimbo la Maniema lingeweza kufanya nini kwa uwezo wake lenyewe.

Mlipaji mmoja maana yake nini

Maana yake ni kwamba pesa za matibabu za watu wote wa nchi, wa jimbo au wa mji zinakusanywa kabla ya ugonjwa, zinawekwa katika mfuko mmoja wa umma, na mfuko huo ndio unaolipa kila hospitali na kila kituo. Mwenye nacho anachangia zaidi, kwa njia ya kodi au mchango. Maskini anachangia kidogo au hachangii. Mtu akiugua, halipi kitu, au analipa kiasi kidogo kinachojulikana mapema.

Watu wengi wanachanganya mambo hapa. Mlipaji mmoja halazimishi hospitali zote ziwe za Serikali. Hospitali ya kanisa, kituo cha msikiti, zahanati ya muuguzi binafsi, vyote vinaweza kubaki na wenyewe, mradi vikubali orodha moja ya bei na ukaguzi wa mfuko. Huko Kanada, ambako mtindo huu umedumu miaka mingi, madaktari wengi ni watu wanaojitegemea; ila hesabu zao wanazipeleka kwa jimbo, si kwa mgonjwa. Wala si matibabu ya bure, maana dawa ina bei na muuguzi lazima ale. Kinachobadilika ni siku ya kulipa na idadi ya mabega yanayobeba mzigo.

Nguvu yake iko katika upana. Tuchukue mfano wa zoni ya afya yenye watu 150,000, ambamo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anachangiwa dola 1 kwa mwaka. Mfuko unapata dola 150,000. Tuseme katika zoni hiyo wanazaliwa watoto 6,500 kwa mwaka, na mama 5 katika kila 100 wanahitaji kupasuliwa. Hao ni akina mama 325. Kama kila upasuaji unagharimu dola 100, jumla ni dola 32,500, haifiki robo ya mfuko. Dola 100 zinazoifilisi familia moja ni pesa ndogo kwa zoni nzima. Lakini hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu: wachangie wote. Wakichangia akina mama wajawazito peke yao, mfuko unakufa mwaka huo huo wa kwanza.

Ndiyo sababu mifuko ya hiari, hata ikiendeshwa kwa uaminifu, haifiki mbali. Anayejiunga kwa haraka ni yule anayejiona mgonjwa. Kijana mwenye afya anasema atajiunga mwakani. Maskini kabisa hana cha kutoa. Naiunga mkono mifuko hiyo kwa moyo wote, na nitaizungumzia mbele, lakini sijaona mahali ambapo hiari peke yake imewafikia watu wote.

Kasongo ilishawahi kuwa mwalimu

Wakaaji wengi vijana hawajui kwamba jina la Kasongo linasomwa katika vyuo vya afya vya Ulaya na Afrika. Kuanzia 1971, madaktari na wauguzi wa Kongo wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, waliendesha hapa kazi iliyoitwa Mradi wa Kasongo. Wakati huo hospitali ilikuwa inangoja wagonjwa waje wakiwa hoi. Timu ile, pamoja na madaktari kama Pierre Mercenier, Harrie Van Balen na Mkongomani Pangu Kasa Asila, ilijenga mtandao wa vituo vidogo vilivyo karibu na watu, kila kimoja kikihudumia jumuiya inayojulikana kwa idadi, na hospitali ikabaki kwa wale waliotumwa na vituo. Utafiti wao kuhusu chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo ulichapishwa 1981 katika jarida la The Lancet, na mpango wao wa zoni ulikuwa miongoni mwa mifano iliyotazamwa Zaire ilipogawanywa katika zoni za afya. Leo nchi ina zoni 519. Maniema ina 18; katika wilaya ya Kasongo ziko Kasongo, Kunda na Samba, na katika wilaya ya Kabambare ziko Kabambare, Lusangi na Salamabila.

Ninalotaka lizingatiwe zaidi ni namna walivyolipisha. Mgonjwa alilipa bei moja kwa ugonjwa mzima. Akija na homa, alilipa mara moja, na bei hiyo ilibeba kumwona muuguzi, kipimo, dawa, na kurudi tena mpaka apone. Hakuhesabiwa sindano, wala vidonge, wala karatasi.

Angalia tofauti kwa macho ya mgonjwa. Akilipishwa kwa kila kitu, fishi ina bei yake, kipimo cha malaria bei yake, bomba la sindano bei yake, seramu bei yake, kitanda bei yake kwa kila usiku. Hawezi kujua mwanzoni atamaliza wapi, kwa hiyo anangoja nyumbani, anajaribu mizizi, ananunua vidonge viwili kwa mchuuzi wa sokoni, na anakuja siku ya nne mtoto akiwa tayari amepungukiwa damu. Muuguzi naye, akiishi kwa idadi ya vitu anavyouza, anavutwa kuandika sindano pale ambapo kidonge kingetosha. Bei moja inamwondolea mgonjwa hofu na inamwondolea muuguzi kishawishi. Mfuko wowote wa baadaye, uwe wa zoni au wa jimbo, lazima uanzie hapo, kwa sababu hakuna mfuko unaoweza kulipa hesabu isiyojulikana.

Sheria imeahidi nini

Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 47, inahakikisha haki ya afya. Sheria namba 18/035 ya 13 Desemba 2018 iliweka misingi ya afya ya umma, ikarekebishwa kwa amri-sheria namba 23/006 ya 3 Machi 2023 ili kuimarisha kile tunachokiita CSU, yaani afya kwa wote. Kukaundwa vyombo vyake. Kilicho muhimu kuliko vyote kwa msomaji ni Mfuko wa Mshikamano wa Afya, unaojulikana kwa herufi FSS. Huo ndio mlipaji. Ipo pia ARC-CSU, yenye kazi ya kudhibiti na kukagua. Ukisikia mtu anasema "Serikali italipa," muulize kupitia FSS au kupitia wapi. Swali hilo hutenganisha ahadi na bajeti.

Tarehe 5 Septemba 2023, Rais Félix Tshisekedi alizindua mjini Kinshasa huduma ya uzazi bila malipo: ufuatiliaji wa mimba, kujifungua kwa kawaida au kwa upasuaji, na matunzo ya mtoto mchanga. Mpango huu unaingia jimbo baada ya jimbo na kituo baada ya kituo. Mama hapati huduma hiyo kwa kuwa amesikia redioni. Anaipata pale ambapo kituo kina makubaliano na mfuko na kinalipwa nao. Kwa hiyo mama mjamzito asingoje siku ya uchungu. Katika ziara ya kwanza au ya pili ya kupima mimba aulize waziwazi, kwa heshima: "Samahani dokta, kituo hiki kimeingia katika mpango wa uzazi wa bure? Na nikipelekwa hospitali kuu, huko nako kumeingia?" Hayo ni maswali mawili tofauti. Kituo cha kijijini kinaweza kuwa nje na hospitali ikawa ndani, au kinyume chake. Akijibiwa hapana, aombe kuonyeshwa bei ya kujifungua na bei ya upasuaji, ili familia ianze kuweka akiba ikiwa imebaki miezi 5, si saa 5.

Kuna huduma ambazo hazina bei kwa mgonjwa hata pasipo mpango huo. Chanjo za watoto za ratiba ya taifa ni bure. Dawa za kifua kikuu ni bure. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ni bure. Matibabu ya ugonjwa wa malale ni bure. Chandarua kinachogawiwa wakati wa kampeni hakiuzwi. Mtu akiombwa pesa kwa ajili ya mojawapo ya hizo, aombe risiti yenye jina la huduma. Mara nyingi kuomba karatasi tu kunatosha kumaliza mazungumzo. Isipotosha, njia ya malalamiko ipo: kwanza muuguzi mkuu wa kituo, kisha CODESA, ambayo ni kamati ya maendeleo ya eneo la afya na ndani yake wamo wawakilishi wa vijiji, kisha ofisi ya mganga mkuu wa zoni, na mwisho Divisheni ya Afya ya jimbo, Kindu. Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala.

Bei za kituo zinapaswa kubandikwa mahali ambapo mgonjwa anaziona kabla ya kuingia kwa muuguzi. Wanakijiji wakikuta ukuta mtupu, CODESA inaweza kudai karatasi hiyo ibandikwe na iandikwe kwa Kiswahili. Orodha ya Kifaransa yenye maneno ya hospitali haimsaidii baba aliyefika kwa baiskeli kutoka upande wa mto Luama.

Waliotangulia, na walipokwama

Mfano wa kwanza ni wa mbali, lakini asili yake ni ya kijijini kabisa. Katika jimbo la Saskatchewan huko Kanada, halmashauri ya Sarnia ilimwajiri daktari kwa pesa za wakaaji mwaka 1915, kwa kuhofia kwamba angeondoka na kuwaacha wakulima wa ngano bila mtu. Halmashauri nyingine zikaiga. Mwaka 1946 wilaya ya Swift Current ikaanzisha huduma kwa watu wake wote. Tarehe 1 Januari 1947 jimbo zima likaanza kulipa hospitali, chini ya kiongozi wake Tommy Douglas, na tarehe 1 Julai 1962 likaanza kulipa madaktari pia. Madaktari waligoma siku 23, kisha wakakubaliana na Serikali. Mnamo 1966 bunge la taifa likapitisha sheria ya kuyasaidia majimbo yote kufanya vivyo hivyo. Taifa lilimfuata mdogo wake.

Vermont, jimbo dogo la Marekani lililokuwa wakati huo na watu wapatao 626,000, lilijaribu njia hiyo hiyo. Gavana Peter Shumlin alisaini sheria mwezi Mei 2011. Ila sheria ilipitishwa kwanza na hesabu ya kodi ikaahirishwa. Hesabu ilipokuja, ilionyesha waajiri wangelipa asilimia 11.5 ya mishahara na wananchi mpaka asilimia 9.5 ya mapato yao. Desemba 2014 gavana mwenyewe akatangaza kwamba ameuacha mpango huo. Huo si ushahidi kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Unaonyesha kwamba anayeahidi kabla ya kuhesabu huwavunja moyo hata wale waliokuwa upande wake.

Karibu zaidi na sisi, kaunti ya Makueni nchini Kenya, yenye watu karibu milioni 1, ilizindua mpango wake 2016 chini ya Gavana Kivutha Kibwana. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la hospitali, na Makueni ikalitumia. Kaya ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za umma za kaunti bila kulipa tena. Wazee waliopita miaka 65 hawakulipa kitu. Hebu fikiria: shilingi 500 kwa familia nzima haziwezi kulipa gharama za mwaka mzima. Bajeti ya kaunti ndiyo iliyobeba mzigo. Mchango wa kaya ulikuwa njia ya kuandikisha watu na kuwafanya waone kwamba mpango ni wao.

Rwanda ilianza na majaribio ya mutueli, yaani mifuko ya kusaidiana wakati wa ugonjwa, katika wilaya 3 mwaka 1999, ikaufanya uanachama kuwa wa lazima, na 2015 mifuko yote ikawekwa chini ya bodi moja ya taifa ya hifadhi ya jamii. Mwanachama analipa franka 200 za Rwanda kituoni na asilimia 10 ya gharama hospitalini, na Serikali inawalipia walio maskini kabisa.

Na Kongo yenyewe ina Bwamanda, katika Sud-Ubangi ya leo. Huko, mwaka 1986, zoni ya afya ilianzisha mfuko wa kulipia kulazwa hospitalini, na katika miaka michache zaidi ya nusu ya wakaaji walikuwa wamejiunga. Waliweka kanuni mbili za busara. Mchango ulikusanywa msimu ambao wakulima wameuza kahawa na soya, wakati pesa zipo nyumbani. Na mgonjwa hakugharamiwa mpaka awe ametumwa na kituo chake cha afya, ili hospitali isijae watu wenye mafua. Huku kwetu msimu huo ungekuwa baada ya mpunga na karanga kuuzwa, na kila kijiji kinaujua mwezi wake.

Maniema inaweza kufanya nini kwa mamlaka yake

Wapo wanaosema jimbo halina ruhusa, kwamba afya ni ya Kinshasa. Si kweli. Ibara ya 204 ya Katiba inaweka mikononi mwa majimbo upangaji wa huduma za tiba na uendelezaji wa afya ya msingi. Kinshasa inatunga sheria za taaluma ya uganga. Jimbo linapanga namna huduma zinavyomfikia mtu. Bunge la jimbo, Kindu, linaweza kupitisha sheria ya kuanzisha mfuko, na kila mwaka linapitisha bajeti ambamo mfuko huo ungeandikwa kwa mstari wake peke yake.

Ugumu uko kwenye pesa, na hapo tusidanganyane. Ibara ya 175 ya Katiba inasema sehemu ya mapato ya taifa inayotengewa majimbo ni asilimia 40, na ibaki majimboni tangu mwanzo. Kanuni hiyo haijatekelezwa kama ilivyoandikwa, na majimbo yanangoja kile Kinshasa inachotuma. Mwaka 2001 tume ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba huduma muhimu za afya katika nchi maskini zinahitaji takriban dola 34 kwa kila mtu kwa mwaka. Iweke karibu na ile dola 1 ya mfano wetu. Mchango wa wanakijiji hauwezi kuwa mfuko mzima. Atakayewaambia watu wa Kabambare kwamba wakichangia vya kutosha watatibiwa kila kitu, anawatwika mzigo ambao ni wa Serikali.

Lakini ipo njia ambayo haizungumzwi vya kutosha: dhahabu. Sheria ya madini iliyorekebishwa 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa makampuni hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, uchifu au mji ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inadai kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jumuiya zinazoizunguka. Salamabila, yenye mgodi wa Namoya, iko ndani ya wilaya ya Kabambare. Kwa hiyo kila mgodi wa kampuni unapozalisha, kuna mafungu matatu ambayo mkaaji ana haki ya kuyauliza: la jimbo, la sekta, na la jumuiya. Dhahabu ya wachimbaji wadogo inayobebwa mfukoni kuelekea mpakani hailipi mrabaha huo, na hilo ni pengo kubwa. Hata hivyo sehemu ya kile kinacholipwa ingeweza kupewa kazi moja tu, iandikwe kwenye sheria, isiguswe kwa jambo jingine: kulipia rufaa, yaani upasuaji wa uzazi, damu kwa watoto, na usafiri wa kumfikisha mgonjwa hospitali.

Ningependa Maniema ianzie hapo, katika rufaa, kabla ya kuahidi kila kitu. Ni gharama zinazotokea mara chache lakini zinaangamiza familia, na ndizo ambazo mfuko mpana unazibeba vizuri. Na usafiri lazima uhesabiwe kama tiba. Mgonjwa anayebebwa usiku kwa pikipiki kutoka kijiji cha Lusangi, katikati ya dereva na ndugu anayemshika mgongoni, akishushwa mara tatu kwenye matope, amekwisha kutumia pesa na damu kabla hajaiona hospitali. Mfuko unaolipa upasuaji na kumwacha barabarani haujamlipia.

Hatari ya mlipaji mmoja

Mtindo huu una udhaifu mmoja ambao lazima usemwe mapema. Mlipaji akiwa mmoja na asilipe, hakuna mwingine. Kituo kinatangaza bure, akina mama wanajaa, dawa zinaisha baada ya wiki 3, malipo ya mfuko yanachelewa miezi, na muuguzi asiye na mshahara anaanza kudai pesa chini ya meza. Hapo mgonjwa analipa tena, sasa bila risiti na bila bei ya ukutani. Wazazi wanaikumbuka elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Septemba 2019: madarasa yalifurika kabla walimu wote hawajaingia kwenye orodha ya mishahara. Uamuzi ulikuwa wa haki, na maandalizi yalikuja nyuma yake.

Kwa hiyo sheria ya jimbo, ikiandikwa, iwe na mambo ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuyahakiki. Kituo kipewe sehemu ya pesa mbele, ili kinunue dawa kabla wagonjwa hawajaja. Bei iwe moja kwa ugonjwa mzima, kama ilivyokuwa Kasongo. Kila miezi 3, ukutani pabandikwe karatasi mbili: kituo kilidai kiasi gani, na mfuko ulilipa kiasi gani, tarehe ngapi. CODESA iwe na haki ya kuwauliza majirani wachache walioandikwa kwenye daftari kama kweli walitibiwa na kama kweli hawakutozwa kitu. Ukaguzi wa namna hiyo ni wa bei ndogo, na unamlinda pia muuguzi mwaminifu dhidi ya maneno ya watu.

Wakati wa kungoja

Familia haiwezi kungoja bunge. Mutueli ya afya inaruhusiwa na sheria namba 17/002 ya 8 Februari 2017, na kikundi cha kanisa, cha msikiti, cha walimu au cha wakulima kinaweza kuianzisha. Ambao tayari wana likelemba wana mwanzo mzuri, kwa sababu wamezoea kuaminiana na kuandika. Ila kanuni ni tofauti. Katika likelemba kila mmoja anapokea zamu yake. Katika mutueli anapokea aliyeugua, na mwenye bahati hapokei kitu mwaka mzima. Jambo hilo lielezwe mara nyingi mwanzoni, mbele ya wote, la sivyo ugomvi utaanza mwezi wa 12. Sajilini kaya nzima, si mtu mmoja mmoja, ili mgonjwa asiingizwe peke yake. Wekeni muda wa miezi michache kabla ya haki kuanza. Andikeni makubaliano na kituo na hospitali, yenye bei, kabla ya kukusanya franka ya kwanza. Pesa zishikwe na mtu mmoja, daftari na mwingine, ufunguo na wa tatu. Na kama zoni yenu ina mutueli mbili ndogo, ziunganisheni. Watu 200 hawawezi kubeba upasuaji 5 katika mwezi mmoja, watu 5,000 wanaweza.

Mama mjamzito ambaye hana mutueli bado ana mambo ya kufanya na mume wake: kujua atajifungulia wapi, nani ana pikipiki inayowaka usiku, nani katika ukoo ana damu inayolingana na yake, na pesa ya usafiri iwekwe kando isiguswe hata kwa chumvi.

Tena kuna karatasi ambayo kila kijiji kinaweza kuiandika. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Bunge la jimbo hujadili bajeti katika kikao kinachoanza mwishoni mwa Septemba. Ombi la kutaka mstari wa rufaa katika bajeti ya Maniema, likitiwa saini na CODESA za zoni zote 6 za Kasongo na Kabambare na kukabidhiwa mwezi wa Juni kwa wabunge wa jimbo wa wilaya hizo mbili, linapaswa kuwa limejibiwa kabla kikao hicho hakijafunguliwa. Liwe fupi, ukurasa mmoja. Litaje kiasi kinachoombwa, litaje fungu la mapato ambalo kitatoka, litaje ni akina mama na watoto wangapi waliotumwa hospitali mwaka uliopita kwa mujibu wa madaftari ya vituo. Nakala moja iende Divisheni ya Afya, nyingine ofisi ya gavana, na ile iliyopigwa muhuri wa kupokelewa irudi kijijini ihifadhiwe na katibu wa CODESA.